Mawe Ndani ya Birika

Juzi mjukuu wangu alinikuta nikihangaika na birika la umeme, lile alilonunua mwenyewe, limejaa utando mweupe ndani mpaka chai inatoka na vipande. Akaniambia, "Bibi, dawa yake ni kitu kichachu tu. Ndimu, siki, chochote. Usitie madawa ya dukani ukaja kuyanywa." Nikacheka kimoyomoyo. Nikachukua ukwaju, nikauloweka, nikauminya, nikaumimina humo na kubonyeza swichi. Mvuke ulipoanza kupanda, ile harufu ya uchachu wa moto, nzito, inayokamata puani na kuvuta mate, ilinikalisha chini. Mjukuu akadhani nimeshikwa na kizunguzungu. Hapana. Nilikuwa Temeke, uani kwa bibi yangu, nimejibanza nyuma ya pipa, na nina hakika kwamba mbele yangu anapikwa mtu.

Nyie wa rika langu mliokulia kwenye nyumba za kupanga mnajua ua ulivyo. Nyumba ya bibi ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa makuti, ukumbi unapita katikati na vyumba vimepangana huku na huku, na nyuma kuna ua wenye kisima, jiko na choo. Temeke ya wakati huo bado ilikuwa mihogo na mikorosho. Ukitoka mlango wa nyuma uko shambani. Baba alikuwa kuli bandarini. Aliondoka jua halijachomoza, akarudi amechoka hata kusema. Kwa hiyo ua ulikuwa wa wanawake, na wenye sauti walikuwa wawili: bibi, mama yake baba, mwenye nyumba, na mama, ambaye sauti yake ilikuwa mwangwi wa sauti ya bibi. Sie watoto tulikuwa mie na mdogo wangu Saidi, ambaye ndiyo kwanza ameanza kukimbia, na hakuna kitu alichokiona asikitie mdomoni.

Na zilikuwa zama za mumiani. Mwingereza ndiye aliyekuwa na nchi, na watu walisema ana dawa yake nyekundu inayotengenezwa kwa damu, na kwamba wapo wenzetu, weusi kama sie, wanaolipwa kumkamatia watu. Wanakuvizia njiani, wanakuziba mdomo, wanakuning'iniza kichwa chini. Mama alilitumia jina hilo kama wengine wanavyotumia fimbo. Ukichelewa kurudi dukani, mumiani. Ukikataa kulala mchana, mumiani. Kwangu mimi mumiani hakuwa hadithi. Alikuwa mtu ambaye sijaijua sura yake bado.

Kisha chumba cha mwisho kikapata wapangaji. Mume alikuwa mtu wa bara, kutoka milimani huko kaskazini, Mkristo, mpole, anafanya kazi hospitali mjini. Alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda. Alifika anasukuma baiskeli iliyobebeshwa sanduku na godoro, na nyuma yake anatembea mkewe, mrefu, amefunga kitambaa kichwani badala ya kanga, ameshika birika jipya la aluminiamu linalong'aa mpaka linaumiza macho. Bibi alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha uani anapepeta mchele.

"Karibu mwanangu," bibi akasema. "Mama nani wewe?"

"Shikamoo bibi. Naitwa Eliwaza."

"Marahaba. Jina sikuuliza. Mama nani?"

Yule mwanamke akalitazama birika lake. "Eliwaza tu," akasema.

Bibi akaendelea kupepeta. Ungo ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka. "Haya," akasema mwishowe. "Eliwaza tu." Na kuanzia siku hiyo, nyuma ya mgongo wake, ndilo likawa jina: Eliwaza Tu.

Sijui kama mnakumbuka jinsi shaka inavyoingia nyumbani. Haipigi hodi. Inaanza na kitu kidogo ambacho mtu mwingine angekipita. Eliwaza hakupika jikoni na wenzake. Aliweka seredani yake ya makaa mlangoni kwake, akapika huku ametugeuzia mgongo. Alipochota maji kisimani alikuwa anainamisha ndoo kwenye jua na kuichungulia kwanza, anaizungusha, kama anayetafuta sindano. Mtungi wake aliufunika kawa, na juu ya kawa akafunga kitambaa kwa fundo. "Anachungulia nini kisimani kwangu?" bibi aliuliza. "Kisima hiki kachimba marehemu mume wangu. Tunakunywa wote na hatujafa." Mama akasema, "Labda hachungulii. Labda anatia." Ndivyo neno lilivyozaliwa. Halikuwa na ushahidi hata kidogo, lakini lilishakuwa na miguu.

Mie niliambiwa nisipokee chochote mkononi mwake. Siku moja alinipa kipande cha sukari guru. Mama alinifungua vidole akakitupa kwa kuku. Nilimtazama kuku yule mchana kutwa nikisubiri afe. Hakufa, lakini hilo halikunituliza. Nilijiambia dawa ya mumiani haiwafanyi kuku kitu.

Kisha kuna asubuhi niliyoamka mapema kwenda chooni, nikamkuta Eliwaza ameinama juu ya karai nyuma ya choo, anafua. Maji yalikuwa mekundu. Hayakuwa mekundu ya udongo. Alipaka sabuni, akasugua, akamwaga, akachota mengine, nayo yakawa mekundu vilevile. Aliponiona alisimama mbele ya karai. Macho yake yalikuwa yamevimba, na mie niliyasoma kama mtoto anavyosoma: niliona ni macho ya mtu aliyekesha kazini. Kumbe hata mama alikuwa ameyaona maji yale kutoka dirishani. Nilimsikia akimnong'oneza bibi walipokuwa wanawasha moto. "Mume hospitali, mke anafua damu. Damu ya nani?" Bibi akasema, "Audhubillahi," na kwa mara ya kwanza nikamwona bibi yangu anaogopa.

Baada ya hapo ukaja ukwaju. Eliwaza aliniita, akanituma dukani nimletee ukwaju mwingi na ndimu. Nilikwenda kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Mwenye duka alikuwa Mzee Nasoro, mtu wa asili ya Kiarabu aliyezaliwa hapohapo Temeke, mwenye Kiswahili kilichotupita sote. Alinitazama juu ya miwani.

"Ukwaju wote huu wa nani?"

"Wa mke wa dresa."

"Aa," akasema, akatabasamu. "Mpe salamu. Mwambie Mungu amjaalie ajifungue salama. Wanawake wakianza kutafuta vichachu, sie wenye maduka ndio tunaojua kabla ya mume."

Nilipomweleza bibi maneno hayo, uso wake ulilainika. Mimba ingeeleza mambo mengi: kujitenga, kununa, macho mekundu. Kwa muda alimwacha apumzike, akawa anamtazama tumbo. Lakini Eliwaza hakuunywa ule ukwaju wala hakuzilamba zile ndimu. Aliendelea kununua, na kila alipoleta nyumbani aliuingiza ndani na kufunga mlango. "Mimba gani hiyo," bibi akasema, "inayonunua ukwaju na haionekani?" Na shaka ikarudi, safari hii imenona.

Mie ndipo nilipojibanza nyuma ya pipa. Ilikuwa baada ya adhuhuri, wakubwa wamejilaza, jua limekaa juu ya makuti na hata kuku wamejificha. Eliwaza alitoa seredani, akaipuliza, akaliweka birika lake. Halikuwa tena lile linalong'aa. Akamimina ukwaju alioukamua, akakata ndimu akazitupia humo, akaziba mdomo wa birika kwa kitambaa. Likaanza kuchemka. Harufu ile ikaja kwangu, nami nikaziba pua kwa kiganja nikijua kwamba hii ndiyo harufu yenyewe. Aliliacha likatokota, akaliepua likapoa, akatia changarawe kidogo ndani na kulitikisa kwa nguvu, kacha-kacha-kacha, huku midomo yake inakwenda kwa lugha ya kwao na macho ameyafumba. Kisha akainamisha. Yakatoka maji mekundu, mazito, na ndani ya maji vikatoka vipande vyeupe, vyembamba, vimepinda kama kucha.

Alipoingia ndani nilitambaa nikaokota kimoja. Kilikuwa kigumu, chepesi. Nikakipeleka kwa bibi nimekifunika kwenye jani.

"Bibi, anapika kucha za watu."

Bibi alikiweka kwenye mwanga. Akakigeuza. Kicheko ambacho nilikitegemea na kukitamani hakikutoka. Alikifunga kwenye pembe ya kanga yake akaniambia nikakae na Saidi, na nisimwache hata kwenda chooni.

Lakini Saidi hakuwa mtoto wa kukalishwa. Siku chache baadaye, saa ileile ya watu kujilaza, usingizi ulinipitia kwenye mkeka, na nilipozinduka mkeka ulikuwa mtupu upande wake. Mama aliita, akaita. Hakuna. Alichungulia kisimani huku amejishika kifua. Bibi akatoka mbele barabarani, akarudi. Kisha wote wawili wakageuka kwa pamoja, kana kwamba mtu amewaelekeza, wakautazama mlango wa chumba cha mwisho. Ulikuwa umefungwa. Pembeni seredani bado ina makaa, lakini birika halipo.

Sitasahau mlio aliotoa mama. Majirani waliingia uani kabla haujakatika. Bibi alichomoa mchi kwenye kinu akaugonga mlango kwa kitako cha mchi, mara moja tu, na komeo la miti likavunjika.

Eliwaza alikuwa amesimama katikati ya chumba. Saidi alikuwa amekaa sakafuni miguu ameitanua, kikombe cha bati mapajani, na kuanzia puani mpaka kitovuni alikuwa mwekundu.

Mama alimnyakua, akamwinamisha kichwa chini, akamtia kidole kooni. Saidi akalia, akatapika kidogo, akalia zaidi. Kisha, mama alipomsimamisha na kumtikisa akimwuliza, "Amekupa nini? Sema, amekupa nini?" mtoto akanyoosha mkono kuelekea kikombe na kusema kwa hasira, "Nataka tena!"

"Ni ukwaju na sukari," Eliwaza akasema. "Aliingia mwenyewe, akashika birika la moto. Nikamkorogea mwingine kwenye kikombe ili aache lile. Ni ukwaju tu."

"Mlango umefungwa kwa nini?" mama akapiga kelele.

"Ninaufunga siku zote!"

"Kwa nini? Unaficha nini?"

Bibi hakungoja jibu. Alilichukua birika lililokuwa kwenye kigoda akaligeuza juu chini pale kizingitini, watu wote waone. Maji mekundu yakatiririka uani, na vile vipande vyeupe vikabaki vimetawanyika kwenye udongo. Watu wakarudi nyuma. Jirani mmoja akaanza kusoma aya.

"Eliwaza," bibi akasema, polepole, kwa ile sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele. "Mimi nimekupa chumba. Hii ni mifupa ya nani?"

Hapo ndipo mambo yalipogeuka namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Eliwaza, aliyekuwa hajawahi kuinua sauti katika ua ule, alicheka kicheko kifupi kilichokauka, akaja mpaka mlangoni, akasimama uso kwa uso na bibi.

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye wa kuuliza! Mnanitilia nini kwenye maji?"

"Nani anakutilia?"

"Nyie! Kwetu mama yangu ana birika tangu sijazaliwa, ndani jeupe kama sahani. Nimekuja hapa na birika jipya, na mwezi haukwisha likaota mawe. Mawe! Nasugua kwa makumbi, yanarudi. Nasugua kwa majivu, yanarudi. Nikichemsha ukwaju yanatoka, kesho yapo tena. Ni nani anayeweka mawe ndani ya birika la mtu? Kwetu waliniambia, nenda, lakini watu wa pwani wana dawa zao, angalia maji, angalia chakula, usimwambie mtu habari za tumbo lako. Nikaangalia. Na bado." Akajishika tumbo kwa mikono yote miwili. "Mimba mbili zimeharibika ndani ya chumba hiki. Mbili. Nilizifulia nguo peke yangu nyuma ya choo, mkinitazama dirishani. Hakuna aliyekuja hata kuniambia pole. Nikasema, basi ndio wao. Mawe yamo ndani ya birika, na yamo ndani yangu."

Nilikuwa mtoto, na sehemu kubwa ya maneno yale sikuielewa. Lakini niliona mama akimteremsha Saidi taratibu mpaka miguu yake ikagusa chini, na akabaki ameinama hivyohivyo, kama mtu aliyesahau kunyanyuka. Lile karai. Maji mekundu. Nadhani hata mie niliyajua hapo, kabla sijawa na umri wa kuyajua.

Bibi alisimama na birika tupu mkononi. Kisha akaliweka chini, akaenda jikoni. Tulimsikia akisogeza vyungu. Alirudi na birika lake mwenyewe, lile kubwa jeusi la kila siku, lililokaa juu ya kuni miaka mpaka likawa halina rangi ya kutajika. Hakuna aliyewahi kuliosha ndani. Bibi alikataza, alisema ukiosha birika ndani unaosha na ladha ya chai. Alivua kifuniko, akaingiza mkono hadi kifundo, akakwaruza, akatoa vidole na kuvitazama. Kisha akaligeuza birika lile juu chini na kulipiga tako kwa mchi.

Kipande kikaanguka. Kilikuwa kinene kama gae la chungu, cheupe upande mmoja, cha hudhurungi upande mwingine. Kilianguka katikati ya vile vipande vya Eliwaza, na isipokuwa kwa unene, ungedhani ni vya baba mmoja.

Bibi akavitazama. Akamtazama Eliwaza.

"Haya," akasema. "Na mie nani kaniroga?"

Eliwaza alichuchumaa, akaliokota lile gae, akaliweka kwenye kiganja pamoja na kimoja cha kwake, akavilinganisha. Akaingiza kichwa karibu na mdomo wa birika la bibi akachungulia kwa muda mrefu. Aliponyanyua uso alikuwa analia, lakini kinywa chake kilikuwa kinacheka, na sikujua nimfuate upi. Majirani wakaanza kuondoka mmojammoja, kila mmoja akiwa amekumbuka kazi aliyoiacha nyumbani. Baadaye tulisikia kwamba jioni ile Temeke yetu yote walikuwa wanachungulia mabirika.

Dresa aliporudi alikuta mlango wake hauna komeo na mkewe amekaa kibarazani na bibi, hawasemezani, wanachambua mchicha. Bibi alimweleza yote. Mume akakuna kichwa. Alisema ni chumvichumvi ya maji ya kisima, kwamba maji yanapochemka ile chokaa iliyomo inabaki na kuganda, na kwamba hata mjini, hospitali, wanahangaika nayo.

"Kumbe ulikuwa unajua!" bibi akafoka. "Na mkeo hukumwambia?"

"Nilimwambia, bibi."

"Akasemaje?"

Dresa akamtazama mkewe, akatazama chini. "Alisema nimeshakula chakula chenu, hata mie mmenipumbaza."

Msidhani kuanzia hapo tukawa ndugu. Ningependa kuandika hivyo, lakini sivyo ilivyokuwa. Mama alimpa pole Eliwaza siku ya pili, kwa sauti ya chini, huku anatazama pembeni, naye Eliwaza akaipokea vivyo hivyo. Saidi aliendelea kufungwa kanga kiunoni kama mbuzi ili asifike chumba cha mwisho. Na Eliwaza aliendelea kufunga mtungi wake kwa kitambaa, ila fundo likawa jepesi kidogo.

Kilichowasogeza wawili wale ni birika, na tena kwa bahati mbaya. Bibi alikuwa ameona aibu ya lile gae. Akamwambia Eliwaza, kama anayetoa amri, "Hebu nisafishie na langu." Eliwaza alilichemshia ukwaju, akaliacha likilowa usiku kucha, akalitikisa kwa changarawe, akamwaga, akarudia. Mie nilikuwa nachungulia waziwazi sasa, nikiona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye mawe kana kwamba yanapumua. Siku moja bamba zima likaachia kwa mlio, likatoka vipande vikubwa, na ndani ya birika tukaona bati ambalo mama alisema hajapata kuliona tangu aolewe. Bibi alilishika kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akajaza maji, akaliweka motoni, akawaita watu.

Moto ukafanya chiii. Kisha chiii tena. Kisha ukazimika.

Birika lilikuwa limetoboka chini, pengine tangu zamani, kwa matundu madogo kama ya kichungi. Bibi aliliinua, akatazama jua kupitia matundu yale.

"Kumbe mawe ndiyo yaliyokuwa birika lenyewe," akasema.

Eliwaza aliziba mdomo kwa viganja. Nadhani alifikiri atafukuzwa. Badala yake bibi alianza kucheka, kicheko kile cha tumboni kilichomtikisa mabega, akacheka mpaka akakaa chini, na Eliwaza akakaa karibu naye. Fundi wa kuziba vyombo vya bati alikuwa hapiti mtaani kwetu mara kwa mara, na alipopita alilitazama akatikisa kichwa. Kwa hiyo kila alfajiri bibi ikabidi aende mlango wa chumba cha mwisho kuazima birika, na kila alfajiri Eliwaza ikabidi aamue kumpa.

Walikunywa chai moja basi, kutoka birika moja. Lakini tazama, bibi alikuwa anapuliza kikombe chake, anapuliza, anapuliza, mpaka amwone Eliwaza amemeza. Na Eliwaza alikuwa anayajua hayo, kwa hiyo anameza kwanza, kwa makusudi, huku anamtazama. Wiki zikapita. Sikumbuki ni lini bibi aliacha kupuliza.

Halafu asubuhi moja tuliamka, chumba cha mwisho kimefungwa kwa kufuli na birika liko mlangoni kwa bibi, limesafishwa, ndani jeupe. Dresa akasema mkewe amekwenda kwao. Hakusema kwa nini, na macho aliyakwepesha kwa uongo ambao hata hakuusema. Bibi hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amekwishaona jinsi Eliwaza alivyoanza kufunga kanga juu zaidi, na jinsi alivyoacha kubeba ndoo kubwa. Alikuwa ameona akanyamaza, akisubiri aambiwe.

"Ameniachia birika," bibi akamwambia mama. "Siri hakuniachia."

Mama akasema, "Angekuambiaje, mkwe wangu? Nasi tulivunja mlango."

Bibi alitumia birika lile miezi yote hiyo, na kila lilipoanza kufanya utando alilichemshia ukwaju mwenyewe, hakumwachia mtu. Dresa alikuwa anakuja na kuondoka kwa baiskeli. Alipoulizwa habari za nyumbani alijibu, "Nzuri, bibi," na bibi alimwacha, ingawa alikuwa anamtazama mpaka baiskeli inapotelea kwenye mikorosho.

Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha, na matope yameanza kushika, alipokuja. Bibi alikuwa anakuna nazi uani. Mie nilikuwa nachagua kuni. Eliwaza aliingia kwa mlango wa ukumbi, amenenepa uso, vumbi la safari mpaka nyusi, na mgongoni amefunga mtoto kwa kanga. Ua ukasimama. Mama, aliyekuwa anaanika nguo, alirudi nyuma hatua kadhaa akamvuta na Saidi, na safari hii nilielewa: hakuwa anamwogopa Eliwaza. Alikuwa anaogopa kutazama. Mtoto mchanga wa mwanamke aliyepoteza, ameletwa ndani ya ua ulioshukiwa. Kesho akipiga chafya, itasemwa ni jicho la nani?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Pole kwa safari." Bibi hakunyanyuka juu ya mbuzi. Aliikazia macho nazi yake. "Mfunike mtoto, kuna upepo."

Eliwaza alifungua kanga, akamzungusha mtoto mbele. Alikuwa wa kike, analala, kinywa wazi.

"Mpokee," akasema.

"Nina nazi mikononi."

"Mpokee, bibi."

Bibi alificha mikono yake nyuma ya mgongo. Mwanamke mzima, mwenye nyumba, mwenye kisima, alificha mikono nyuma kama mtoto aliyekamatwa. "Ngoja mumeo arudi," akasema. "Mpeleke ndani kwanza, umpumzishe. Mimi nitamwona baadaye. Nitamwona tu."

"Mgongo unaniuma," Eliwaza akasema. "Nimekaa kwenye lori tangu jana. Sijalala."

Walitazamana. Kisha bibi akatoa mikono, akaifuta kwenye kanga yake, upande huu na upande huu, akaendelea kuifuta ilhali imeshakauka. Akainyoosha. Eliwaza akamlaza mtoto juu yake, akamtengeneza shingo, akasimama kidogo. Hakusema maneno ya dua wala hakumfunga mtoto kitu chochote. Alifungua kufuli la chumba chake, akaingia, akaegesha mlango bila kuufunga. Haukupita muda tukamsikia anakoroma, mkoromo mzito wa mtu aliyechoka kweli.

Bibi alikaa palepale juu ya mbuzi, magoti ameyabana, hathubutu kuhama. Mama akasogea hatua moja, kisha nyingine, mpaka akachuchumaa kando yake akamtazama mtoto waziwazi. Nazi ikakauka. Kivuli cha ukuta kikawafikia miguuni. Na kila Saidi alipotaka kupiga kelele, bibi alimnyooshea kidevu, kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi, akanong'ona kwa ukali, "Shhh! Mama yake amelala."